Mpira Mpya, Upepo Kilo Ngapi?

SHAURI KWA JAMAA



Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo wengine watasema si la kanisa: upepo ndani ya mipira ya motokari na ya pikipiki. Lakini fikirini kidogo. Ni nani wanaopanda nyuma ya pikipiki inayotoka Kindu kwenda Kalima? Ni mama anayerudi sokoni, mwanafunzi anayekwenda kufanya mitihani, mgonjwa anayepelekwa hospitali, katekista anayetembelea vijiji. Ni nani wanaokaa juu ya magunia ndani ya kamio? Ni ndugu zetu wachimbaji, na mara nyingi watoto wao pamoja nao. Kati ya roho za watu hao na mawe ya njia kuna kitu kimoja tu: upepo uliofungwa ndani ya mpira. Basi ni jambo la jamaa, na ni jambo la kanisa.

Hapa kwetu Maniema, mpira mpya (au pine, kama tunavyosema kila siku) si kitu cha kununua kila mwezi. Unatoka mbali: Bukavu, Goma, Kisangani, au kule kusini Lubumbashi. Bei yake inapanda katika kila kituo cha safari. Mtu anakusanya makuta kidogo kidogo, anaacha kununua vitu vingine vya nyumba, na siku moja anapata mipira yake mipya, myeusi, ingali inanukia duka. Anaipeleka kwa kwado chini ya mwembe. Hapo ndipo swali linakuja: tutie upepo kilo ngapi?

Kwa kawaida mnasikia moja ya majibu haya matatu. La kwanza: "Patro, mupira ni mupya, tia kilo tatu na nusu, njia iko mubaya!" La pili: "Angalia pembeni ya pine, namba iko pale." La tatu: kwado anaufinya mpira kwa kidole na kusema, "Kidole yangu inajua." Majibu haya yote matatu yameharibu mipira mingi mizuri, na yameangusha watu. Tuone jibu la kweli.

Upepo ndio unaobeba mzigo

Watu wengi wanafikiri kwamba ule mpira wenyewe ndio unaobeba motokari. Si hivyo. Mpira ni kama gunia: unafunga upepo usitoke. Kinachobeba ni upepo.

Fanyeni hesabu ndogo. Tuseme gurudumu moja linabeba kilo 400 za uzito, na ndani yake upepo ni kilo 2 kwa kila sentimeta moja ya mraba. Gawanya 400 kwa 2, unapata sentimeta 200 za mraba. Hapo ni karibu ukubwa wa mkono wa mtu mzima ukiufungua, kiganja pamoja na vidole. Sehemu ndogo hiyo tu ndiyo inayogusa njia. Motokari nzima, pamoja na watu wote na mizigo yote, imesimama juu ya mikono minne.

Sasa upepo ukipungua mpaka kilo 1, mpira lazima ulale chini zaidi ili upate nafasi ya kubeba uzito ule ule. Pembeni zake zinakunjwa kila mara gurudumu linapozunguka. Mpira wa motokari ndogo unazunguka karibu mara 500 katika kilomita moja. Kutoka Kindu mpaka Kalima ni kama kilomita 100, yaani mara 50.000. Chukueni kipande cha waya, mkikunje na kukikunjua haraka haraka: kinapata joto, kisha kinakatika. Ndivyo nyuzi zilizo ndani ya mpira zinavyochoka. Mpira wenye upepo mdogo unapata joto, unaungua kutoka ndani bila kuonyesha alama nje, na siku moja unapasuka. Watu wanasema, "Ni bahati mbaya," au wanatafuta nani aliyewaloga. Si uchawi, wapendwa. Ni upepo uliopungua.

Na upepo ukizidi? Hapo mpira unakuwa mgumu kama jiwe. Unagusa njia kwa sehemu ya katikati tu, basi breki hazishiki vizuri, na juu ya udongo wetu mwekundu uliolowa motokari inateleza. Ukigonga jiwe lenye ncha, mpira hauwezi kulegea: unakatwa. Pigo lote linapanda juu, linavunja resori na migongo ya watu. Kwa hiyo yule anayesema "njia ni mbaya, tuzidishe" anafanya kinyume cha kile anachokitaka.

Namba iko wapi?

Namba ya kweli inatoka kwa motokari, haitoki kwa mpira. Wale waliotengeneza motokari ndio wanaojua uzito wake mbele na nyuma. Wameiandika. Fungua mlango wa shofere na uangalie kwenye nguzo ya mlango: mara nyingi kuna karatasi ndogo iliyogandishwa pale. Kama haipo, angalia nyuma ya kifuniko cha tangi la esansi, au ndani ya kile kisanduku mbele ya abiria, au katika kitabu cha motokari. Utaona kipimo cha mipira, na namba za upepo: mbele na nyuma, pasipo mzigo na pamoja na mzigo.

Na ile namba iliyoandikwa pembeni ya mpira? Hiyo ni mpaka wa mwisho. Inasema: usinipitishe hapa. Gunia likiandikwa kwamba linaweza kubeba kilo 100, je, utamtwika mtoto wako kilo 100 kwa sababu gunia linaweza? Hapana. Unaangalia mtoto kwanza. Vilevile mpira ukiandikwa 350 kPa au 51 PSI, haina maana kwamba motokari yako inaomba hivyo. Pengine inaomba 220 tu.

Kama karatasi imefutika na kitabu hakipo, tafuta mtu mwenye motokari ya aina ile ile, yenye karatasi yake nzima, uandike namba zake. Kisha ziandike kwa rangi ndani ya mlango wako. Fundi atakayekuja kesho na mwanao atakayeendesha kesho kutwa wataziona.

Kilo, bar, kPa, PSI: mbona majina mengi?

Motokari nyingi zinazofika kwetu zimetumika kwanza Japani au Ulaya, na kila nchi inaandika kwa namna yake. Msichanganyikiwe. Kile tunachoita hapa "kilo" ni karibu sawa na bar moja. Bar moja ni kPa 100. Bar moja ni PSI 14,5. Kateni kipande hiki mkiweke karibu na pompi:

Kilo 2,0 ni kPa 200, karibu PSI 29.
Kilo 2,2 ni kPa 220, karibu PSI 32.
Kilo 2,5 ni kPa 250, karibu PSI 36.
Kilo 3,0 ni kPa 300, karibu PSI 44.
Kilo 3,5 ni kPa 350, karibu PSI 51.

Kosa moja linatokea mara nyingi: mtu anasoma 32 kwenye karatasi, anafikiri ni "kilo tatu na mbili", anatia 3,2. Kumbe ni PSI 32, yaani kilo 2,2. Amezidisha kilo nzima.

Kama mpira mpya si wa kipimo cha zamani

Hapa Kindu hatuchagui sana. Mara nyingi tunanunua kile kinachopatikana. Basi mbele ya kulipa, soma maandiko yaliyo pembeni ya mpira. Tuseme yameandikwa 195/65 R15 91H. Ile 195 ni upana kwa milimeta, 65 ni urefu wa pembeni ukilinganisha na upana, 15 ni ukubwa wa janti. Namba 91 ni ya uzito: mpira huo mmoja unaweza kubeba kilo 615 na si zaidi. Namba 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 112 ni kilo 1.120. Herufi H ni ya mwendo, na kwa njia zetu haitusumbui sana.

Ile namba ya uzito isiwe chini ya ile inayoombwa na motokari yako. Ikiwa chini, hakuna upepo utakaousaidia mpira ule, mwachie muuzaji. Na kama mpira mpya ni wa aina ya kamio ndogo, ulioandikwa C au LT, au 8PR, 10PR, ujue kwamba ni mgumu zaidi na kwa kawaida unaomba upepo zaidi ya ule wa motokari ndogo ili ubebe uzito wake. Hapo usikisie, uliza fundi mwenye orodha ya kiwanda.

Angalia pia mwaka. Baada ya herufi DOT kuna namba nyingi. Zile nne za mwisho ni juma na mwaka. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira unaweza kuitwa mpya kwa sababu haujatembea, na huku umekaa miaka minane kwenye jua la soko. Viwanda vingi vinashauri mpira usipitishe miaka 10, hata kama bado una meno. Ukiona pembeni yake imepasuka pasuka kama udongo wa kiangazi, uache, hata kama bei ni nzuri.

Mzigo unabadilisha namba

Shofere anashuka Kindu na motokari tupu, anarudi na magunia ya mchele wa Kasongo, bidoni za mafuta ya mawese na watu kumi juu yake. Je, upepo ni ule ule? Hapana. Ndiyo maana karatasi ya motokari inatoa namba mbili. Ya mzigo ni kubwa, zaidi sana kwa magurudumu ya nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mzigo unakokaa. Tia upepo wa mzigo mbele ya kupakia, na ukiisha kushusha, urudishe.

Lakini sikieni vizuri, ninyi wenye motokari na ninyi wenye mali inayosafirishwa: upepo hauwezi kufanya motokari ya tani moja ibebe tani mbili. Ukizidisha upepo ili upakie zaidi, mpira utasimama kweli na macho yatadanganyika. Lakini ekseli, resori na breki hazikuongezewa kitu. Kwenye mteremko wa kwanza mtajua. Shofere mara nyingi anapakia hivyo kwa sababu analipwa kwa safari, na patro anataka faida. Patro, ukimlazimisha shofere kupakia kupita mpaka, wewe ndiwe unayeendesha, hata kama umelala nyumbani kwako Kasuku.

Pima mpira ungali baridi

Upepo ukipata joto unasukuma zaidi. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kipimo kinapanda karibu 0,1. Mpira uliotembea safari ndefu mchana unaweza kuonyesha 0,3 au 0,4 zaidi. Shofere mwenye haraka anapima hapo, anaona imezidi, anatoa. Usiku mpira unapoa, na asubuhi anaondoka na upepo mdogo bila kujua. Msifanye hivyo. Usitoe upepo katika mpira wenye joto, hata kidogo.

Namba ya kiwanda ni ya mpira uliopoa. Pima asubuhi, mbele ya jua kali, mbele ya kuondoka, au baada ya kutembea si zaidi ya kilomita mbili tatu. Na kama unalazimika kupompa njiani mpira ukiwa na joto, tia 0,3 zaidi ya namba, kisha upime upya kesho asubuhi.

Kwa kwado: siku ya kufunga mpira mpya

Kijana wa kwado, neno hili ni lako. Kazi yako ni ya heshima. Watu wanakuachia maisha yao.

Kwanza, safisha janti, utoe kutu na mchanga. Kama mpira ni wa kutumia mpira wa ndani, tia wa ndani mpya pia. Ule wa zamani umekwisha kunyooka. Ndani ya mpira mpya unajikunja, na pale unapojikunja utapasuka. Pakaza maji ya sabuni kwenye ukingo wa mpira, usipakaze mafuta ya motokari, kwa sababu mafuta yanakula mpira.

Pili, unapopompa ili ukingo ukae mahali pake, utasikia mlio: tok, tok. Kwa mpira wa motokari ndogo, usipitishe kilo 2,7 ukitafuta mlio huo. Kama hausikiki, toa upepo wote, pakaza sabuni tena, uanze upya. Ukizidi kupompa, ukingo unaweza kukatika na kukurukia usoni. Na ile desturi ya kumwaga esansi na kuwasha kiberiti ili mpira ujae mara moja, iacheni kabisa. Inaua.

Tatu, magurudumu ya kamio na ya jeep nyingine yana duara la chuma linalofunga mpira. Duara lile likiruka wakati wa kupompa, linapiga kama nyundo kubwa. Lilaze gurudumu duara likiangalia chini, au ulifunge kwa mnyororo wenye nguvu, na usiinamie juu yake. Fukuza watoto. Wazazi, mnajua watoto wanapenda kusimama pale kwa kwado kuangalia. Wafundisheni kuangalia kutoka mbali.

Nne, ukisha kufunga, shusha au ongeza mpaka namba ya motokari, tia mate kwenye valvu uone kama inatoa povu, kisha funga kifuniko kidogo. Kifuniko kile si cha urembo. Kinazuia vumbi na matope.

Halafu wewe mwenye motokari: mpira mpya ungali unateleza kidogo kwa sababu ya dawa ya kiwandani. Kilomita 200 za kwanza tembea polepole, usipige breki ghafula. Baada ya siku ya kwanza pima upepo tena, maana mpira mpya unanyooka kidogo na kipimo kinashuka. Baada ya kilomita 50 mpaka 100 kaza upya mabulo ya magurudumu.

Na katika matope?

Tunajua njia zetu wakati wa mvua. Mashofere wa zamani wanatoa upepo kidogo ili mpira ulale na ushike matope au mchanga. Ni akili ya kweli, inafanya kazi. Lakini wengi wanatoka kwenye matope, wanafurahi, wanasahau kurudisha. Wanakimbia na mipira iliyolala mpaka inaungua. Sheria ni hii: asiye na pompi asitoe upepo. Na ukisha kuvuka, simama, pompa, ndipo uendelee.

Pikipiki na baiskeli

Wengi wetu hatuna motokari. Lakini sheria ni ile ile. Kwenye pikipiki, namba huandikwa mara nyingi kwenye kifuniko cha mnyororo au kwenye mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Kwa pikipiki nyingi za 125 na 150 tunazoziona hapa, inaombwa karibu 1,75 mbele. Na nyuma 2 ukiwa peke yako, 2,25 ukibeba mtu. Imehesabiwa mtu mmoja nyuma. Haikuhesabiwa watu watatu na gunia la kasiterite. Mpira wa nyuma ukipasuka, pikipiki inacheza kama nyoka, na anayerushwa kwanza mara nyingi ni yule aliyekaa nyuma, naye hakuulizwa kitu.

Mwenye baiskeli ya mizigo naye asome pembeni ya mpira wake, atie zaidi nyuma kuliko mbele, wala asipitishe mpaka ulioandikwa.

Pompi ya mkono haina kipimo. Fanya hivi: azima manometa siku moja, hesabu ni mara ngapi unasukuma pompi yako ili kipimo kipande kwa 0,5. Andika hesabu hiyo kwenye pompi. Tangu siku ile utajua kidogo unachofanya, hata ukiwa peke yako porini.

Soma mpira kama unavyosoma kitabu

Baada ya miezi michache mpira wenyewe utakuambia ukweli. Ukilika pembeni zote mbili na katikati ukabaki mzima, upepo ulikuwa mdogo. Ukilika katikati peke yake, upepo ulizidi. Ukilika upande mmoja tu, si upepo: magurudumu hayakunyooka, mwone fundi. Ujue pia kwamba mpira mzima, usio na tundu, unapoteza upepo wenyewe, karibu 0,1 kila mwezi. Basi kusema "nilipima wakati nilipoununua" haitoshi.

Kitu kilicholipwa kwa bei kubwa

Neno moja la historia kwa vijana. Mwaka 1888 huko Belfast, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama, aliandikisha mpira wake wa upepo, alioutengeneza kwanza kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walitembeza motokari yenye mipira ya upepo katika mashindano ya Paris na Bordeaux. Toka hapo dunia nzima ilitaka mipira. Na utomvu ulitafutwa wapi? Pia katika misitu ya nchi yetu, wakati wa mfalme Leopold wa Pili, ambaye utawala wake ulikwisha mwaka 1908. Babu zetu walilazimishwa kuingia porini kukata kamba za mpira. Waliokosa kufikisha kipimo walipigwa, wengine walikatwa mikono, wengi walikufa. Kitu kilichoanza kwa bei ile, tusikitumie kwa ujinga ili kiendelee kuua watu wetu.

Manometa ni mizani

Ninyi wa sehemu za migodi mnajua mizani kuliko watu wote. Hakuna mchimbaji anayekubali dhahabu yake ipimwe kwa jicho. Hakuna anayepeleka kasiterite yake kwa mnunuzi na kusema, "Kidole yako inajua." Mnataka mizani, na mnataka mizani ya haki, na mkiona imechezewa mnapiga kelele mpaka usiku. Mnafanya vizuri. Neno la Mungu linachukia mizani ya uongo, kama tunavyosoma katika Mithali sura ya 11.

Mbona basi kwa maisha ya mama na mtoto tunapima kwa kidole? Manometa ndogo inaingia mfukoni, na bei yake ni kitu kidogo sana mbele ya bei ya mpira mmoja, wala hatuwezi kuilinganisha na bei ya mtu mmoja. Jamaa tatu au nne zinaweza kununua moja pamoja. Kikundi cha vijana wa parokia au wa kanisa kinaweza kuwa nayo. Kwado aliye na manometa nzuri, anayemwonyesha mteja namba mbele ya kupokea makuta, atapata watu wengi, maana neno linatembea.

Basi tufanye agano dogo. Kila mwezi, siku gazeti hili linapofika mikononi mwako, kesho yake asubuhi pima mipira yote ya nyumba yako, mpaka ule wa akiba. Na wewe usiye na kitu cha kuendesha, unapopanda nyuma ya mtu, uliza kwa upole: "Ndugu, asubuhi umepima upepo?" Akikasirika, ngoja mwingine.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa

1. Namba za upepo za motokari, pikipiki au baiskeli yetu ni ngapi? Zimeandikwa wapi?
2. Kwa nini mpira wenye upepo mdogo unapasuka hata kama ni mpya?
3. Patro akimwambia shofere apakie kupita mpaka, shofere Mkristo ajibu namna gani? Na sisi abiria?
4. Ni vitu gani vingine nyumbani mwetu tunavyopima "kwa jicho", navyo vinagusa maisha ya watu?